Operesheni Weka Kipanya Chini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu kwamba yuko njiani, na ambaye kwa heshima ya kiti chake hiki kilichofunikwa kitambaa cheupe tutamhesabu kuwa ameshafika. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, na Mama Mwenyekiti uliyekuja kuhakikisha kuwa kweli Mwenyekiti alikuwa kikaoni. Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi, kwa kufuata ukubwa wa viti vyenu. Ndugu Wakuu wa Vitengo, Makaimu Wakuu wa Vitengo, na ninyi mnaokaimu nafasi za Makaimu. Viongozi wetu wa dini, mlioombwa sala fupi mkatupatia sala ya kutosha mpaka mwakani. Ndugu zangu wa masjala, wa uhasibu, wa mapokezi, wa stoo na wa usafi. Wazee wetu mliostaafu mkakataa kwenda nyumbani. Na ninyi wananchi wapendwa mlioko kwenye foleni ya dirisha namba tatu, mliogeuka wageni waalikwa kwa kuwa ukumbi huu wa sherehe ndio huo huo ukumbi wenu wa kusubiria huduma. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba izingatiwe kimyakimya.

(Makofi ya wastani. Kiti kinaburutwa.)

Mkono kwenye kibodi! (Wafanyakazi: "Macho kwenye kazi!") Sijasikia. Masjala mmekula kweli leo? Mkono kwenye kibodi! ("Macho kwenye kazi!" Safari hii hata mlinzi wa getini anaitikia.) Hapo sawa. Sasa nimejua niko na watu walio hai.

Ndugu zangu, mimi, kama mnavyofahamu, na kama picha yangu kubwa iliyoko hapa nyuma yangu inavyothibitisha kwa wale ambao bado wana mashaka, ndiye Mkurugenzi wa Usajili wa Vizazi, Ndoa na Mengineyo, na leo nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani, kwa unyenyekevu wangu ambao kila mtu katika jengo hili anaujua kwa sababu nimekuwa nikiukumbusha, ili kufunga rasmi Mradi Mkakati Jumuishi wa Kuongeza Prodaktiviti na Fokasi Kazini kwa Kutumia Njia za Mkato za Kibodi, unaojulikana kwa jina la mtaani kama Operesheni Weka Kipanya Chini. (Makofi. Mwenyekiti wa Bodi anazinduka na kupiga makofi peke yake baada ya wengine kumaliza.)

Kwa faida ya wananchi wa kawaida, na ya baadhi ya wajumbe wa Bodi, njia ya mkato ya kibodi ni nini? Ni pale ambapo mfanyakazi, badala ya kushika kipanya, kukisukuma huku, kukivuta kule, kukitafuta kile kimshale kwenye skrini kama mtu aliyeangusha sindano kwenye zulia, anabonyeza vitufe viwili tu, kwa wakati mmoja, na jambo linakuwa. Kontroli na C, umenakili. Kontroli na V, umebandika. Kontroli na S, umehifadhi. Kontroli na P, umechapisha. Vidole viwili, sekunde moja, umemaliza, unamgeukia mwananchi unamwambia karibu tena.

(Sauti ya msichana kutoka kwenye foleni: "Mheshimiwa, samahani sana! Mimi ndoa yangu ni kesho!")

Nani huyo? Aaa, nakuona binti yangu, nakuona, wewe uliyevaa kanda mbili na kucha zimeshapakwa rangi tayari. Hongera sana. Makofi kwa bibi harusi mtarajiwa, jamani! (Makofi marefu kuliko yote mpaka sasa.) Na huyo kijana anayejificha nyuma ya nguzo ndiye bwana harusi? Ndiye? Mbona anajificha, anaogopa nini, wakati mwenye kuogopa ni aliyekwisha kuoa? (Kicheko. Mama Mwenyekiti hacheki.) Na huyu mama aliyekukumbatia bega ni mama yako? ("Shangazi yangu, mheshimiwa.") Shangazi, shikamoo, na karibu sana.

(Shangazi: "Marahaba, baba. Sisi tumefuata saini tu. Kibali cha ndoa kimejazwa, kimehakikiwa, kila kitu tayari. Kimebaki kukusubiri wewe. Wageni wako njiani, wengine wameshashuka stendi.")

Mmesikia, ndugu zangu? Mimi nilikuwa natafuta mfano hai wa kufafanua mradi huu, na mfano umejileta wenyewe umevaa kanda mbili! Hebu tumchukue huyu binti kama keisi stadi. Kibali chake cha ndoa kimekamilika. Hakidaiwi chochote isipokuwa saini yangu mimi Mkurugenzi, na bila saini hiyo mfungishaji ndoa hathubutu hata kufungua kitabu chake. Zamani, kabla ya Operesheni, ingekuwaje? Angenivizia koridoni. Ningeichukua ile karatasi, ningeiegemeza ukutani, ningeisaini huku natembea, tena huku naongea na simu, katibu muhtasi wangu angeigonga muhuri, na binti angeondoka ndani ya dakika tano. Nawauliza, ndugu zangu, huo ni utawala? (Shangazi: "Ndiyo!") Hapana, shangazi, huo si utawala, huo ni ukarimu. Saini ya Mkurugenzi haiwezi kuwa kitu cha kuegemezwa ukutani kama ngazi. Ndiyo maana tangu mwezi uliopita nimepiga marufuku kusaini vibali kwa mkono. Saini yangu imepigwa picha, imeingizwa kwenye mfumo, imetulia humo ndani ya kompyuta, na inatoka kwa njia moja tu ya kisasa, nayo ni Kontroli na P.

(Sauti kutoka nyuma: "Kwenye kibodi ipi?")

Nitafika hapo. Msinikatishe, nina mtiririko.

Ndugu zangu, wengi mmekuwa mkiniuliza, na wale ambao hawakuniuliza nimewaambia hata hivyo, wazo hili kubwa nililipata wapi. Halikutoka ughaibuni. Lilizaliwa humu humu ndani, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Siku hiyo natembea zangu taratibu, nakagua utendaji, nikasimama nyuma ya ndugu yetu Ofisa Takwimu, ambaye alikuwa hajaniona. Kwenye skrini yake kulikuwa na karata. Karata nyekundu na nyeusi, zimepangwa vizuri kabisa. Nikakohoa. Na kabla kikohozi changu hakijafika mwisho, mkono wake wa kushoto ukagusa vitufe viwili, Alti na Tabu, karata zikatoweka, na mahali pake ikatokea ripoti ya robo mwaka imejaa majedwali! Ripoti nzima! Ndani ya kikohozi kimoja! Mimi nilikuwa naidai ripoti ile muda mrefu, nikiambiwa bado inaandaliwa. Nikajisemea moyoni, huyu bwana ametengeneza ripoti kwa vidole viwili. Je, idara nzima ikitumia vidole vyote? (Kicheko kinachoanzia upande wa Takwimu. Ofisa Takwimu anainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.) Usione haya, ndugu yangu, simama watu wakuone. Huyu ndiye mwasisi. Mimi ni mlezi tu.

Nikaenda nyumbani na moto huo kifuani. Usiku mama watoto akaniuliza kwa nini sikumpokelea simu mchana kutwa, na mimi nilipojitetea nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema kuhusu mama yake. Palepale nikakumbuka kuwa kompyuta ina kitu kinaitwa Kontroli na Zedi, cha kutendua ulichokwisha kukitenda. Nikamwambia, mke wangu, Kontroli Zedi, nafuta kauli. Akanitazama. Akasema, "Baba watoto, hiyo kontroli yako ianzie jikoni, sufuria zimejaa." Nikaosha sufuria, ndugu zangu, na nikiwa naosha nikatafakari kwa kina, nikagundua kuwa tatizo la taifa lolote lile si watu wavivu. Tatizo ni kipanya.

Ndiyo. Kipanya! Mtafiti mmoja mkubwa, jina lake limenitoka na utafiti wenyewe pia, amethibitisha kwamba mfanyakazi anapopeleka mkono kwenye kipanya anapeleka na mawazo, na mkono unaporudi kwenye kibodi, mawazo hubaki kulekule. Fikirieni idara yenye watu wengi kama hii: ni mawazo mangapi yamezagaa juu ya meza zetu hayana mwenyewe? Ndipo nikatoa waraka. Asubuhi moja, wafanyakazi walipofika wakiwa na chupa zao za chai, walikuta vipanya vyote vimeondolewa, vimetiwa kwenye gunia, gunia limefungwa kamba, limewekwa stoo, na ufunguo wa stoo ninao mimi. (Minong'ono.) Najua iliuma. Dada yetu wa mapokezi alilia, kwa sababu kipanya chake alikuwa amekifumia kifuniko cha sufi na kukizoea. Ndugu Mhasibu Mkuu, bila kumtaja, alikificha chake ndani ya soksi, tukamgundua kwa ule mkia. (Kicheko. Mhasibu Mkuu: "Nilikisahau tu!") Ulikisahau ndani ya soksi? Haya. Yamepita.

(Dada wa mapokezi: "Bosi, na kile kifuniko changu je? Kile ni mali yangu!") Kifuniko kiko salama, dada, kiko na wenzake gunia zima. Tutalijadili kwenye kikao cha tathmini.

Sasa nije kwenye matokeo, kwa sababu kiongozi hupimwa kwa matokeo na siyo kwa maneno, ingawa na maneno ninayo. Tangu Operesheni ianze, makosa ya uandishi katika nyaraka za idara yameshuka kwa asilimia mia moja. (Makofi.) Asilimia mia moja! Hakuna hata herufi moja iliyokosewa, kwa sababu ya umakini mkubwa, na pia kwa sababu hakuna iliyoandikwa. Matumizi ya karatasi na wino wa printa yameshuka kwa asilimia hizo hizo. Malalamiko ya wananchi yanayopokelewa kwa njia ya mfumo yameporomoka mpaka sifuri, na hata leo asubuhi nimeangalia, mfumo haujapokea kitu. Kuhusu fokasi, Mheshimiwa Mwenyekiti, ningeomba siku moja upite dirisha namba tatu ujionee. Pale kompyuta inauliza swali moja, "Je, unataka kuendelea? Ndiyo, Hapana," na ndugu yetu wa dirishani anaitazama tangu asubuhi mpaka jioni bila kupepesa, wala kugeuka, wala kuzungumza na mtu. Nani kati yenu aliwahi kuona mtumishi aliyezama kazini namna hiyo?

(Ndugu wa dirishani: "Bosi, sina cha kubonyezea 'Ndiyo'!")

(Bibi harusi: "Hicho ndicho kibali changu, mheshimiwa! Ndicho kiko humo! Akibonyeza tu 'Ndiyo' mimi naenda zangu!")

Binti yangu, tulia, utatoka jasho urembo uharibike. Naomba nitumie nafasi hii kuweka wazi suala la kibodi, kwa sababu kuna maneno yanapita chini chini kule kantini, na mimi masikio ninayo. Ni kweli kwamba baada ya kuondoa vipanya, tuliondoa na kibodi. Lakini tuliziondoa kwa nia njema! Nilitafakari nikaona, hawa watumishi wangu watakumbukaje kuwa C ni nakili na V ni bandika, wakati mimi mwenyewe huwa nachanganya? Nikaagiza kila kitufe kiandikwe kazi yake juu yake, kwa lugha yetu, kwa herufi kubwa, zinazosomeka hata na mtu aliyesahau miwani. Nikamwita fundi wa mabango, yuleyule aliyeandika kwa ustadi "Usitupe Takataka Hapa" kwenye ukuta wa nyuma, ambapo sasa ndipo pa kutupia takataka. Akaja na rangi yake ya mafuta, ile ya kupaka mageti, inayostahimili jua na mvua. Akafanya kazi kwa moyo. Tatizo dogo la kiufundi likajitokeza kwamba maneno yalikuwa marefu kuliko vitufe, "Chagua Vyote" likaanzia kwenye A likavuka mpaka S na D kama mtu anayelala kitanda cha mwenzake, na rangi nayo ikateremka chini kwenye vijia. Ilipokauka, vitufe vyote vikashikana. Ukibonyeza kimoja vinateremka vyote pamoja, kwa mshikamano ambao, niseme ukweli, ningependa kuuona kwa wafanyakazi wa idara hii.

(Kicheko kikubwa. Fundi wa mabango, aliyealikwa, anasimama na kuinama kwa heshima.)

Kwa hiyo kibodi zetu hazijapotea. Ziko juu ya paa. Zimemwagiwa mafuta ya taa, zimeanikwa, zinaendelea kulainika. Jana mvua ilinyesha kidogo, lakini wataalamu wananihakikishia kuwa mvua haikuwa kubwa kihivyo.

(Shangazi, amesogea mpaka safu ya mbele: "Baba, mimi sijasoma sana, naomba nikuulize. Kalamu hiyo si iko mfukoni mwako? Na mkono si unao? Karatasi ya mtoto hii hapa, kibali kile kile, tumejaziwa kwa kalamu dirishani leo asubuhi. Tusaidie, tafadhali. Mtoto hajalala siku mbili. Mama yake hayupo tena duniani, mimi ndiye nimebeba shughuli hii peke yangu, na nimeshawaambia watu wote waje.")



Shangazi. Shangazi yangu. Nimekusikia, na hata mimi ni mzazi, nina mabinti, nina moyo. Lakini nikikusainia wewe leo kwa kalamu, kesho atakuja mwingine, keshokutwa mwingine, mwishowe tutajikuta tunawahudumia watu wote, na Operesheni itakuwa imekufa. Unataka Operesheni ife? ("Ndiyo!" — foleni nzima.) Hilo ni jibu la hasira. Mimi nawaahidi jambo bora kuliko saini. Nawaahidi onyesho la moja kwa moja. Wapiga picha sogeeni. Vijana, ondoeni kitambaa kilichofunika kifaa chetu hapa jukwaani!

(Kitambaa kinaondolewa. Jukwaani kunaonekana kibodi ya mbao, ndefu kama kitanda cha watu wawili. Watu wanasema "Aaaah.")

Hii, ndugu zangu, imetengenezwa na seremala wetu, mbao ya mninga, imepigwa msasa na vanishi, haina hata msumari mmoja unaoonekana. Nitawaonyesha sasa jinsi kibali cha huyu binti kitakavyotoka. Hiki hapa Kontroli. Na kile kule ni P. Ni mbali kidogo, naomba Mhasibu Mkuu anisaidie upande ule. Mimi nikisema tatu, wote tunabonyeza. Moja, mbili, tatu! (Wanabonyeza. Kitufe cha Mhasibu Mkuu kinazama na kubaki huko. Watu wote, pamoja na bibi harusi, wanageuka kuitazama printa iliyo juu ya kabati. Printa iko kimya. Bwana harusi anakwenda kuangalia nyuma ya kabati, anarudi akitikisa kichwa.)

Mmeona? Mmeona kanuni yenyewe? Kwenye kibodi halisi, wakati huu karatasi ingekuwa inatoka ikiwa ya moto. Makofi kwa seremala! (Makofi machache. Bibi harusi anajifuta macho kwa mkono wa nguo. Katibu muhtasi wa Mkurugenzi anateremka jukwaani, anamnong'oneza shangazi, anarudi mahali pake na kukaa kana kwamba hakuondoka.)

Naona wengine mmeguswa mpaka machozi. Asanteni. Sasa, ratiba inaniambia tumefika kwenye kilele, nacho ni kutunuku vyeti kwa wahitimu wa Operesheni. Wahitimu, pangeni mstari upande wangu wa kulia, mmoja mmoja, msisukumane. Vyeti hivi nitavisaini mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kalamu yangu hii ya wino, papa hapa mbele ya macho yenu, kwa sababu hivi ni vyeti vya heshima, na heshima haitoki kwenye printa. (Kelele. Shangazi: "Heee! Mnamsikia?") Naam, furahini, furahini. Katibu, niwekee muhuri hapo karibu, na maji ya kunywa.

Njoo, masjala. Hongera. Wewe nawe hongera. Dada wa mapokezi, nyoosha uso, unapigwa picha. Nitakuwa nasaini huku nazungumza, kwa kuwa kiongozi wa kisasa anafanya mambo mengi kwa mpigo, na kwa kweli sihitaji hata kutazama, mkono wangu unaijua saini yake kama miguu inavyojua njia ya nyumbani. Ofisa Takwimu, hongera, mwasisi. Ndugu wa dirisha namba tatu, hongera, rudi kwenye skrini yako. Mlinzi, na wewe ulishiriki? Ulifungua geti? Huko nako ni kushiriki. Hongera.

Na huyu ni nani tena? Ooo, bibi harusi wetu! (Bibi harusi amefika mbele ya meza, karatasi mkononi. Nyuma yake foleni yote ya dirisha namba tatu imejipanga na karatasi zao.) Safi kabisa! Nani alisema wewe utoke hapa mikono mitupu? Umesimama nasi tangu milango inafunguliwa, umesikiliza mada zote, umeshuhudia onyesho. Wewe ni mhitimu kamili. Hebu waambie watu, binti yangu, katika Operesheni hii umejifunza nini?

(Bibi harusi: "Kusubiri, mheshimiwa.")

Kusubiri! (Kicheko.) Subira! Katibu, liandike hilo, liingie kwenye ripoti kama mafanikio ambayo hatukuyatarajia. Lete karatasi yako, mwanangu. Nisaini wapi, hapa chini? Hapa. Na hii nyingine ni nakala? Nayo hapa. Ndiyo hiyo, ndefu, na mkia wake. Katibu, muhuri! (Katibu muhtasi anagonga muhuri mara mbili, anaupulizia wino ukauke, anamkabidhi bibi harusi kibali chake cha ndoa kwa mikono miwili. Bibi harusi anakisoma. Anakisoma tena. Anapiga magoti palepale. Shangazi anapiga kigelegele kinachotikisa vioo, ukumbi wote unamwitikia, bwana harusi anatoka nyuma ya nguzo mbio anagonga maikrofoni.)

Jamani, jamani! Asanteni! Mnanizidishia. Katika utumishi wangu wote sijawahi kupigiwa vigelegele kwa saini moja. Binti yangu, inuka, usipige magoti, ni cheti tu! Shangazi, na wewe unanikumbatia? Haya, haya, taratibu na miwani. (Wa pili katika foleni, mzee mwenye karatasi ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, anasogeza karatasi yake. Mkurugenzi anaisaini. Wa tatu. Wa nne. Katibu muhtasi hapumziki na muhuri.) Leteni, leteni, leo hakuna anayebaki nyuma. Ona jinsi mradi unavyogusa wananchi!

Na huku nikiendelea kusaini, naomba nihitimishe kwa shukrani, kwa sababu mradi mkubwa kama huu haufanywi na mtu mmoja, hata akiwa mimi. Kwanza namshukuru kwa dhati Mkufunzi wetu Mkuu wa njia za mkato, ambaye nafasi yake tutaitangaza hivi karibuni. Naishukuru kamati iliyoandaa mtaala, ambayo itateuliwa mara Bodi itakapokubali kuwa panahitajika mtaala. Nawashukuru ninyi wahitimu mnaokunja vyeti vyenu hapo, kwa moyo mliouonyesha wa kuhitimu kwanza na kufundishwa baadaye. Nawashukuru wafadhili wetu, na popote walipo naomba wajitokeze. Na kwa namna ya pekee naishukuru Bodi, kwa kukubali tufunge leo mradi ambao, nilipokwenda jana kutafuta tarehe yake ya kuanza ili niiweke kwenye hotuba hii, nilikuta hatukuwahi kuuanza. (Mwenyekiti wa Bodi, akiwa bado amesinzia, anapiga makofi.) Hilo lisiwavunje moyo. Mradi uliofungwa kabla ya kufunguliwa hauna deni, hauna hasara, wala hauna mtu wa kulaumiwa.

Mkono kwenye kibodi! (Watu wanainuka vitini.) Mkono kwenye kibodi! (Mlinzi, peke yake, kutoka mlangoni: "Macho kwenye kazi!" kisha anafungua milango yote miwili. Shangazi ametangulia na kigelegele, bibi harusi na bwana harusi wameshikana mikono, foleni nzima inawafuata na karatasi zao zilizosainiwa, na nyuma yao masjala, uhasibu, takwimu na dada wa mapokezi. Vyeti vya uhitimu vinabaki vimetapakaa vitini.)

Naona mmeshaanza kutoka, tena mnatoka mbio. Tazama, Mwenyekiti, tazama watu walivyochangamka! Asubuhi waliingia humu wamechoka, wameinamisha vichwa, na sasa hata mzee wa mkongojo anakimbia. Hiyo kasi, ndugu zangu, ndiyo Operesheni yenyewe. Asanteni sana kwa kunisikiliza.